Bafle zilizorudishwa kiwandani: tudai karatasi kabla ya kujadili bei

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi, kuanzia maduka ya mjini kati mpaka komini za Kenya na Katuba, zimeingia kwa wingi bafle (masanduku ya spika) za Hi-Fi zinazouzwa kwa maelezo kwamba zilirudishwa kiwandani zikakarabatiwa. Bei yake iko chini ya bei ya mpya, na majina yaliyoandikwa juu yake ni makubwa. Naomba nafasi katika gazeti lenu niseme jambo moja. Bafle iliyokaguliwa na kiwanda chenyewe kabla ya kuuzwa tena ni ununuzi mzuri sana kwa mpenda muziki mwenye fedha kidogo. Ila ikikosa karatasi ya kiwanda, hiyo ni okazioni (kitu kilichotumika) kama okazioni nyingine, na ilipiwe bei ya okazioni.

Kwanza tuelewe zinatoka wapi. Katika Umoja wa Ulaya, mtu akinunua kitu kwa intaneti sheria inampa siku 14 za kukirudisha bila kutoa sababu yoyote. Uingereza ni hivyohivyo. Marekani, watengenezaji wengi wanaouza moja kwa moja kwa mteja humpa siku 30, 45 au hata 60 za kusikilizia nyumbani. Kwa hiyo bafle nyingi hurudi zikiwa nzima kabisa: rangi haikuendana na sebule, sanduku limezidi upana wa kabati, au mteja aliagiza aina tatu ili abaki na moja. Kiwanda hakiruhusiwi kuiuza tena kana kwamba ni mpya. Huikagua, hubadilisha kilichoharibika, huipa katoni nyingine na kuiuza kwa punguzo ambalo mara nyingi liko kati ya asilimia 10 na 40. Punguzo hilo lina sababu inayoeleweka, na ndiyo maana haifai kuogopa bidhaa hizi kwa kuwa tu zimewahi kufunguliwa.

Lakini ndani ya kapu hilo moja mna vitu tofauti, na mnunuzi aulize ni kipi. Kuna iliyofunguliwa katoni tu. Kuna yenye mkwaruzo au kona iliyogongeka, ambayo ndani haina kasoro. Kuna iliyokaa dukani kama ya maonyesho, ikapigwa kutwa nzima kwa miezi na kila mpita njia akaongeza sauti apendavyo. Na kuna iliyorudi kwa sababu iliharibika, kiwanda kikabadilisha kipande. Kwa maoni yangu, ya pili ndiyo bora kuliko zote: mkwaruzo hausikiki, na bei imeshuka kwa sababu ya mkwaruzo huo. Ya maonyesho naiweka mwisho, hata ikiwa inang'aa.

Kiwanda kikitengeneza, hakibahatishi. Wufa (spika kubwa ya sauti nzito) yenye kasoro hutolewa nzima ikawekwa nyingine ya namba ileile, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) vilevile, bamba la ampli la bafle yenye umeme hubadilishwa lote. Kisha bafle hupigishwa sauti ya mnyororo, yaani mlio mmoja unaopanda bila kukatika kutoka nzito mpaka nyembamba, na mchoro wake ukalinganishwa na wa bafle ya mfano. Fundi wa mtaani, hata awe hodari, hana kipande chenye namba ileile wala mchoro wa kulinganisha. Hutafuta twita yenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) zinazokaribiana na kipenyo kinachoingia kwenye tundu. Sauti itatoka, ndiyo, lakini filta (saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita) iliyo ndani ya sanduku ilikokotolewa kwa twita nyingine. Matokeo yake upande mmoja unakuwa mkali na mwingine umefifia, na sauti ya mwimbaji haikai katikati hata usogeze bafle namna gani.

Dalili za kazi ya mtaani zinaonekana kwa macho, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Ondoa wavu wa mbele, chukua tochi, angalia vichwa vya skrubu. Skrubu za kiwandani mara nyingi zina rangi nyeusi iliyo sawa mpaka ndani ya mashimo ya bisibisi. Iliyowahi kufunguliwa kwa chombo kisichoenea huacha chuma kikionekana kwenye kingo, na skrubu moja kati ya nne huwa ya aina nyingine. Kiwanda nacho hufungua skrubu, lakini hutumia chombo kinachoenea na hakichanganyi skrubu. Baada ya hapo angalia kikofia cha katikati ya koni, ule uso wa spika unaotetemeka. Duara la gundi yake likiwa nene upande mmoja na jembamba upande mwingine, au likiwa na alama ya wembe, jua kikofia kilikatwa ili fundi apate njia ya kuisawazisha koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) wakati wa kubandika ukingo mpya. Geuza bafle, weka pua kwenye tundu la hewa. Harufu ya vanishi iliyoungua haitoki kwa miezi mingi, nayo ni ushahidi wa koili iliyochomwa. Kama muuzaji anakubali kufungua wufa, tazama waya zinavyoshikana: viwandani huingizwa kwa vibano vya chuma au hulehemiwa vizuri, si kusokotwa na kufungwa kwa utepe mweusi.

Ukingo wa koni unastahili neno lake. Kuna wa mpira na kuna wa sifongo. Wa sifongo huoza wenyewe, hata bafle isipopigwa, kwa kawaida ndani ya miaka 10 hadi 20, na joto pamoja na unyevunyevu huharakisha. Ubonyeze taratibu kwa ncha ya kidole: ukibaki na alama au ukimeguka kama keki, umekwisha. Bafle ya sifongo iliyotengenezwa miaka 15 iliyopita haiwezi kuwa "imerudishwa kiwandani" juzi. Kiwanda huuza tena bidhaa za karibuni, zile kinazoweza kuzipatia vipande. Umri huu peke yake unatosha kumfumba mdomo muuzaji muongo.

Namba za nyuma ya sanduku zina kazi. Bafle mbili za jozi moja ziwe na namba zinazofuatana au zinazokaribiana, na jina la modeli liwe lilelile mpaka herufi ya mwisho, kwa sababu watengenezaji hubadilisha twita au filta katikati ya uzalishaji na kuongeza herufi au namba ndogo tu mwishoni. Andika namba hizo, uiandikie barua pepe huduma ya wateja ya kiwanda, uliza: hizi mliziuza lini, zikiwa mpya au zilizokarabatiwa, na garanti yake inakwisha lini? Viwanda vingi hujibu. Muuzaji anayekataa usipige picha ya namba amekwishakujibu yeye mwenyewe.

Sasa kipimo. Multimeta ya bei ndogo inatosha. Iweke kwenye omu 200, gusanisha ncha zake mbili, ikionyesha 0.3, hiyo utaitoa kwenye kila namba utakayosoma. Kisha gusa vichwa vya waya nyuma ya bafle ambayo haijaunganishwa na ampli. Bafle iliyoandikwa omu 8 husoma takriban 5.5 mpaka 7. Ya omu 4 husoma kama 3 mpaka 4. Usishangae namba kuwa chini ya iliyoandikwa, ndivyo inavyotakiwa, kwani multimeta hupima waya wa koili tu. Ikisoma chini ya 2, koili imeungana. Usiiunganishe na ampli yako. Isiposoma kitu, waya umekatika mahali fulani, au vile vibati vidogo vinavyounganisha vichwa vya juu na vya chini vimelegea au vimepotea. Tofauti kati ya bafle mbili za jozi ikizidi nusu omu, huenda kuna kitu kilibadilishwa.

Kipimo hicho hakikuonyeshi twita, na hapa wengi hukosea. Twita ina kapasita mbele yake inayozuia umeme wa multimeta. Kwa bafle yenye vichwa vinne, ukiondoa vibati na kupima vile viwili vya twita, kwa kawaida hutasoma kitu hata ikiwa nzima, na kuna bafle nzuri zilizokataliwa kwa sababu hiyo. Ili kuipima lazima utoe skrubu zake, uivute nje kidogo, uchomoe waya mmoja na upime kwenye miguu yake: twita nyingi husoma kati ya 3 na 6. Shika bisibisi kwa mikono miwili! Sumaku ya twita huivuta kwa ghafla, na ncha ikitua juu ya kuba umeitoboa. Na kama bafle bado iko ndani ya garanti ya kiwanda, usifungue skrubu hata moja. Pima kwa masikio.

Kwa masikio, anza na sauti ya mtu mmoja anayesema. Msomaji wa habari wa Radio Okapi anafaa kuliko muziki wowote, kwa sababu sote tunajua sauti ya binadamu inavyopaswa kuwa. Weka ampli kwenye mono (sauti ileile pande zote mbili), kaa katikati, umbali sawa na bafle zote mbili. Sauti ionekane inatoka hewani kati yake, si kushoto wala kulia. Ikitawanyika na besi ikapotea, moja imeunganishwa kinyume: badilisha nyekundu na nyeusi upande mmoja tu. Kama kubadilisha nyuma ndiko kunakorekebisha, na ulikuwa umefunga waya sawasawa, basi mtu alifungua bafle hiyo akairudisha waya kinyume. Betri ndogo ya volti 1.5 itakuhakikishia: gusa kwa muda mfupi kuliko sekunde moja, chanya kwenye nyekundu, wufa isogee nje. Usiiguse twita kwa betri moja kwa moja.

Halafu sauti ya mnyororo. Programu za bure za simu hutoa sauti hiyo. Anzia hezi 40 (mitetemo 40 kwa sekunde), panda polepole mpaka 200, kwa sauti ndogo ya mazungumzo. Mkwaruzo kama karatasi inayosuguliwa ni koili inayogusa sumaku, na hauponi. Mtetemo wa kukereketa unaweza kuwa jambo dogo: skrubu iliyolegea, wavu, au kipande cha plastiki ndani. Kaza skrubu kwa mkono tu, kwa sababu masanduku mengi ni mbao za unga uliogandamizwa, na ukizidisha nguvu uzi wa shimo unakatika na hewa itapenya hapo daima. Katika hezi za juu usikae muda mrefu wala usipandishe sauti. Twita huungua kimya.

Nakuja kwenye umeme, kwa sababu hapa ndipo fedha za watu wa Lubumbashi zinapopotelea. Bafle isiyo na ampli ndani haina habari na volti. Ya Marekani au ya Ulaya, ni sawa. Yenye ampli ndani, pamoja na masabufa (masanduku ya besi peke yake) yote yenye waya wa umeme, ni suala jingine. Marekani hutumia volti 120 na hezi 60; sisi tuna volti 220 na hezi 50. Soma bamba la nyuma kabla hujalipa. Likiandika 100–240 na 50/60, chomeka bila wasiwasi. Likiandika 120 peke yake, utahitaji transfoma ya kushusha, yenye uwezo usiopungua mara mbili ya wati zilizoandikwa, na hata hivyo kama limeandikwa hezi 60 tu, transfoma ya ndani itapata joto zaidi na kunguruma kwenye hezi 50. Kwa sabufa kubwa, kwangu hiyo ni sababu ya kuacha. Baadhi zina swichi ya kuchagua 115 au 230: hakikisha iko kwenye 230 kabla ya kuchomeka mara ya kwanza, maana iliyorudishwa na mteja wa Marekani huwa bado iko 115. Za Afrika Kusini hutumia 230 na hezi 50, karibu sawa na sisi. Kinachobadilika ni kichwa cha waya wa umeme (plagi), chenye miguu mitatu minene ya mviringo.

Na kwa kuwa SNEL, kampuni yetu ya umeme, inakata na kurudisha bila kubisha hodi, bafle yenye ampli ndani ichomolewe umeme unapokatika, isirudishwe mpaka dakika kadhaa zipite baada ya kurudi. Stabilizateri isaidie, lakini mkono uliochomoa ni salama kuliko chombo chochote.

Kwa bafle za Wi-Fi kuna hatari ya namna yake. Mwaka 2019 Sonos, kampuni inayotengeneza bafle hizo, iliwapa punguzo wateja waliokubali kuzima vifaa vyao vya zamani. Kifaa kilichoingizwa kwenye utaratibu huo kilijifunga moja kwa moja baada ya siku 21. Kampuni iliuondoa utaratibu huo Machi 2020, lakini vilivyofungwa vipo duniani, vinang'aa, na havitalia kamwe. Kwa hiyo bafle ya aina hii ijaribiwe ikiwa imeunganishwa na intaneti na kusajiliwa kwa jina la mnunuzi palepale dukani. Zile ambazo Sonos yenyewe imezikarabati huuzwa na garanti ya mwaka mmoja, na ndizo za kutafuta.

Tuje kwa yule anayetaka kuagiza mwenyewe kutoka kwa mtengenezaji. Viwanda vingi havitumi bidhaa zilizorudishwa mpaka Kongo. Utatumia anwani ya ndugu aliye Brussels au Johannesburg, au ya msafirishaji. Hapo ujue kwamba siku za kurudisha huanza kuhesabiwa bidhaa inapofika kwenye anwani hiyo. Siku 14 au 30 zitakwisha lori likiwa bado kwenye foleni ya mpaka wa Kasumbalesa. Garanti nayo mara nyingi hutimizwa katika nchi ilikouzwa tu. Ulaya muuzaji anawajibika kisheria kwa miaka miwili kwa kitu kipya, na kwa kilichotumika nchi zinaweza kuruhusu ipunguzwe, lakini isiwe chini ya mwaka mmoja. Marekani inategemea alichoandika mtengenezaji. Mtengenezaji SVS, kwa mfano, huuza zilizorudishwa kwa garanti ileile ya mpya. Wengine huandika siku 90. Soma kabla.

Dawa yake ni kumwomba mpokeaji apime hukohuko, siku ileile. Apige picha katoni kabla ya kuifungua. Ahesabu vitu: wavu mbili, vibati vya vichwa vya waya, miguu, waya wa umeme, rimoti, sifongo za kuziba tundu la hewa. Vitu hivi hupotea kuliko vyote, na rimoti ya baadhi ya bafle haiuzwi peke yake. Apime omu, apigishe sauti ya mtu na ya mnyororo. Ni kazi ya nusu saa. Kama kuna kasoro, arudishe kwa gharama ya muuzaji. Kikishapanda ndege au lori, kasoro ni yako.

Gharama ni lazima zikokotolewe mapema. Wasafirishaji wa ndege hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, wakichukua ulio mkubwa. Ukubwa hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Kampuni za vifurushi vya haraka hugawanya kwa 5,000. Katoni ya sentimita 60 kwa 50 kwa 45 yenye bafle mbili ndogo inaweza kuwa na kilo 16 kwenye mizani, lakini italipiwa kilo 22.5, au 27 kwa vifurushi vya haraka. Tuseme bafle mpya ni dola 600 na iliyokarabatiwa dola 420. Tuseme usafiri dola 200 na bima dola 10. Forodha huanza na jumla ya vyote, dola 630. Ushuru wa DGDA, idara yetu ya forodha, hupangwa kwa asilimia 5, 10 au 20 kulingana na bidhaa. Tukichukua 10 kwa mfano, ni dola 63. Juu ya 693 inakuja TVA (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, takriban dola 111. Umefika 804, kabla ya malipo ya deklara (wakala wa forodha) na ofisi nyingine. Punguzo la dola 180 uliloliona kwenye kioo cha simu limemezwa na safari. Hata hivyo mpya ingelipa safari hiyohiyo, na ushuru mkubwa zaidi; kwa hiyo linganisha dola 804 na bei ya duka la hapa, si na bei ya Ulaya.

Fakture (ankara) ya kiwanda inakufaa na hapo pia. Iwe na bei uliyolipa kweli na ielezwe wazi kwamba bidhaa imekarabatiwa, ili isikadiriwe kama mpya. Mwambie deklara wako namba ya forodha: 8518.21 kwa bafle yenye spika moja ndani ya sanduku, 8518.22 kwa yenye spika mbili au zaidi. Bafle za Hi-Fi karibu zote ni hii ya pili.

Barabara ndefu ya kutoka Durban au Dar es Salaam ina adhabu yake. Sumaku ya wufa kubwa ina uzito wa kilo kadhaa. Katoni ikidondoshwa chali sumaku inaweza kuteleza kwenye gundi yake na kuibana koili. Wufa hiyo haitasogea ukiibonyeza, au itasogea ikikwaruza. Pia kona za sanduku hupasuka kama ganda la yai. Omba katoni mbili, moja ndani ya nyingine, na sifongo ya sentimita 5 pande zote. Usitupe katoni za kiwanda. Ikifika, itikise polepole kabla ya kusaini. Kitu kikigonga ndani, andika kwenye karatasi ya mapokezi kwamba umepokea kwa masharti.

Kuhusu ampli nitasema kidogo tu. Tafuta namba ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambayo bafle huitoa kwa wati moja ikipimwa mita moja mbele yake. Bafle ya 84 inahitaji wati 80 kutoa sauti ambayo ya 90 inaitoa kwa wati 20. Kwa nyumba inayotumia inveta na paneli za jua, tofauti hiyo ni saa kadhaa za muziki, tena ampli ndogo inayolazimishwa kupiga kelele ndiyo muuaji mkuu wa twita katika mji huu.

Nawageukia wauzaji wenzetu wa Lubumbashi, ambao wengi wao ni watu waaminifu wanaoumizwa na wachache. Fakture ya bafle iliyokarabatiwa iandike mambo haya kwa mkono wa muuzaji: modeli kamili na namba za bafle zote mbili, nani aliyeikarabati, kiwanda au fundi wa hapa, kipande kipi kilibadilishwa, volti zake kama ina ampli, na siku ngapi mnunuzi anaweza kuirudisha. Siku 7 zinatosha kugundua karibu kila kasoro niliyoitaja. Fundi wa hapa aliyefanya kazi nzuri hana sababu ya kujificha nyuma ya jina la kiwanda. Aandike "nimebadilisha ukingo na kapasita mbili", na bei yake iheshimiwe.

Na kwenu, Bwana Mhariri, nina ombi. Tangazo la bafle likiletwa kwenye dawati lenu likidai kwamba zilikarabatiwa kiwandani, mwombeni mwenye tangazo kopi ya fakture ya kiwanda chenyewe kabla ya kulichapisha. Asipokuwa nayo, tangazo litoke likisema "okazioni", na bei yake chini yake.

Fundi wa vyombo vya sauti,
Komini ya Kamalondo, Lubumbashi